Siku Niliyokataa Kusimama Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja iliyotakata, mwanangu, nilipompakia baba yangu kwenye pikipiki kutoka kwetu Kanazi kumpeleka Nshamba kwa dada yake. Nilikuwa bado sijafika miaka thelathini. Nilikuwa bwana shamba. Ndivyo wakulima walivyoniita ingawa ni mwanamke, na sikuwahi kuwasahihisha. Ofisi ilikuwa imenipa pikipiki, na wakati ule msichana juu ya pikipiki alikuwa kitu cha kutazamwa. Wanawake waliacha kupalilia wakanyoosha migongo kuniangalia nikipita. Sitakudanganya, nilipenda sana kuangaliwa.

Baba, ambaye sisi Wahaya humwita Tata, alikaa nyuma yangu kwa heshima zake zote, amevaa koti la kwendea kanisani, mkono mmoja begani kwangu na mwingine umeshika kofia isipeperuke. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Maisha yake yote yalikuwa kibanjani, kati ya migomba na mibuni. Aliponiomba nimpakie nilishangaa, maana siku zote alisema pikipiki ni za watu waliochoka kuishi.

Wewe umeipita barabara ya kupanda Kamachumu. Unajua inavyojipinda ubavuni mwa mlima, migomba ikibaki chini zaidi na zaidi, hadi unafika kona ambayo upande wake mmoja hakuna kitu isipokuwa hewa, na kule chini ziwa lote limelala. Siku hizo ilikuwa ya vumbi na mawe. Kwenye kona ile Tata alinigonga bega.

"Koku, simama kidogo."

"Kuna nini, Tata?"

"Nataka kutazama."

"Nina kikao saa nne. Tutasimama wakati wa kurudi."

Kona iliyofuata alinigonga tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika kama wanamtaka. Nikaongeza mwendo. Hakugonga mara ya tatu.

Na kikao chenyewe, mwanangu, nikikuambia kilihusu nini nitakuwa natunga. Sikikumbuki hata kidogo.

Nilimfuata baada ya siku tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka, umefunika mlima wote. Kwenye kona nikapunguza mwendo, nikamwambia kwa aibu kwamba hakuna kinachoonekana.

"Twende tu," alisema.

Wiki chache baadaye nilikwenda Nshamba kikazi, nikapita kumsalimu shangazi. Nilimkuta anamenya ndizi za mchana.

"Baba yako anaendeleaje na macho?" aliniuliza.

"Macho yana nini?"

Kisu kikasimama mkononi mwake. Akanieleza kwamba daktari alishamwambia Tata macho yake yanakwisha, na hakuna dawa ya kuyarudisha. "Alikuja kuniaga," shangazi alisema. "Siku zote tatu alikaa ananitazama uso. Nikamwuliza, kaka, nimezeeka kiasi hicho? Akacheka, kisha ndipo akaniambia."

Sijui niliendeshaje hadi Kanazi. Tata alikuwa kibanjani, anapapasa mbuni tawi kwa tawi, anachuma kahawa zilizoiva kwa kuzibonyeza na vidole. Nikapiga magoti palepale kwenye majani makavu.

"Tata, kwa nini hukuniambia?"

Alimaliza tawi lake kwanza. "Ningekuambia, ungesimama kwa kunihurumia. Mimi nilitaka usimame kwa sababu nimekuomba."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika, ningejua la kufanya.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimpakia tena. Kufikia hapo alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Nilisimama kwenye ile kona, nikazima injini, nikamshika mkono tukakaa juu ya jiwe. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda mlima.

"Haya, niambie," alisema.

"Ziwa linaonekana."

"Najua ziwa lipo. Leo lina rangi gani?"

Nilikuwa nimepita pale kila wiki kwa miaka minne, na nilikuwa sijui hata kusema pakoje. Ikanibidi nitazame. Nikamwambia maji ni ya buluu karibu na visiwa, lakini huku ufukweni ni ya kijivu. Nikamwambia kuna kivuli cha wingu kinatembea juu ya maji. Kuna nyumba tatu za mabati mapya zinametameta kati ya migomba. Kuna mama anateremka na mkungu kichwani, mbwa amemtangulia.

"Na mvua?"

"Iko mbali, nyuma ya visiwa. Inaning'inia kama shuka iliyoanikwa."

Akanibana mkono. "Sasa umesimama," alisema.

Tulifanya hivyo miaka sita, karibu kila mwezi. Majirani walipokuja kwetu kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, Tata aliwasimulia aliyoyaona mlimani, rangi kwa rangi, hata wengine wakaamini macho yake yamepona. Mimi sikumkatiza. Alifariki kitandani kwake, katika msimu wa kahawa, nikiwa nimemshika mkono.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kwenda haraka, kazi zina saa zake nami nalijua hilo. Lakini mzee wako akikuomba usimame, simama kwanza. Sababu utaijua baadaye, na hata usipoijua hujapoteza kitu. Usidharau ombi lake kwa kuwa ni dogo, maana wazee huona haya kutusumbua, na jambo zito hulisema kama vile si kitu. Tena mahali unapopita kila siku, patazame vizuri. Iko siku mtu unayempenda atakuuliza pakoje. Mimi nilisamehewa nikapewa na miaka sita juu yake. Wengi hawapewi hata wiki.

Mungu akutangulie katika kila mteremko, mwanangu. Akuachie wazazi wako kwa muda mrefu, nawe ukizeeka, wanao wakupakie taratibu.