Kidole cha Baba Yake Mama Kulwa

Niliondoka kwangu Ngokolo alfajiri kwa sababu mende walikuwa wamekula barua ya Mama Kulwa, na aliyewaandalia chakula hicho ni mimi.

Barua ile baba yake aliituma kutoka vita vya Burma, akafia hukohuko. Hakujua kuandika, mwenzake alimwandikia, naye akatia kidole cha wino chini. Mama Kulwa alituazima tuioneshe katika chumba chetu cha makumbusho pale Shinyanga. Mimi mtunzaji, kuona karatasi inajikunja, nikaibandika kwenye ubao kwa uji wa muhogo. Ikanyooka vizuri. Nilijisifu wiki nzima.

Saa nne, Kahama. Nilishuka kwenye basi nikapanda lori la chumvi. Dereva aliona nimekumbatia kopo la biskuti, akaomba moja.

"Si biskuti. Ni barua iliyoliwa na mende."

Akarudisha mkono kwenye usukani. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. Haikunisaidia.

Alasiri, Masumbwe. Mama Kulwa alikuwa uani anaanua mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Makumbusho. Mmemaliza kumtazama baba yangu?"

Lo! Nilitaka kumweleza palepale. Lakini mgeni hatoi shida kabla ya kula, basi akaniletea ugali wa muhogo. Nilikula kilekile nilichowalisha mende.

Nilipofungua kopo, vilivyobaki vilikuwa kama pumba. Nikaeleza yote, hata uji. Hakunifokea, afadhali angefoka. Aliingia ndani akatoka na kibuyu kinachonuka tumbaku.

"Humu ilikaa tangu utoto wangu, na majani ya tumbaku. Mdudu hakuigusa. Kwenu imekaa masika moja."

"Nisamehe, mama."

"Toa kalamu."

Akaisema barua yote, neno kwa neno. Nyumbani kwao hakuna aliyejua kusoma, kwa hiyo katekista aliwasomea kila Jumapili mpaka ikawakaa kichwani. Baba alisalimia ng'ombe wake kwa majina. Aliuliza kama mvua imenyesha. Aliuliza kama mtoto ameacha kunyonya kidole.

"Mtoto ndiye mimi," alisema. Nikaandika na hilo, kisha nikalifuta.

"Maneno ninayo, ndugu yangu. Kidole chake je? Nikimkumbuka nilikuwa naweka changu juu ya chake."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Kesho yake asubuhi niliaga, nakala niliyoandika mkononi. Pumba alizitia kibuyuni akafunga. "Kawaoneshe," alisema. "Ila pale chini usiandike kitu."

Sasa nakala iko ndani ya kioo, pamoja na majani makavu ya tumbaku, na haikubandikwa popote. Wageni huuliza mbona chini pameachwa patupu.

Nawajibu kwamba palikuwa na kidole cha mtu, nikakipaka uji.