Redio ya Kengele Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Kiseke akiwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto lilikuwa limezimika zamani, kule kwao kando ya ziwa upande wa Mara, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na jambo la kutangulizwa kabla ya hospitali: mihogo ya kung'oa, dagaa wa kuanika, msiba wa jirani. "Mungu alinipa mawili," alimwambia binti yake aliyekwenda kumchukua. "Moja nimeshalila. Hili nisaidieni."

Hilo la kulia nalo lilikuwa limeota mtoto wa jicho. Likapasuliwa, na muuguzi akatukabidhi kichupa cha dawa pamoja na masharti. Tone moja kila baada ya saa sita, bila kuruka. Mgonjwa asijitilie mwenyewe, maana mkono wake unatetemeka, na ncha ya kichupa ikigusa jicho bichi ni balaa. "Mkizembea mtalipoteza," alisema, akinitazama mimi kana kwamba uzembe umeshonwa kwenye kola ya shati langu.

Tulijaribu kwanza kengele ya simu. Simu ilipolia, mama aliishika, akaiweka sikioni na kusema, "Haloo? Nani mwenzangu?" Asipojibiwa alinuna hadi jioni, akiamini kuna mtu anampigia na kumnyamazia kwa dharau. Ndipo mke wangu akanituma nitafute redio yenye kengele, ile inayojiwasha yenyewe saa uliyoipangia. "Redio ameizoea," alisema. "Inaongea bila kumsubiri."

Niliipata mjini, katika duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza redio tangu zilipokuwa na ukubwa wa kabati. Nilichagua moja ndogo ya kubeba mkononi, yenye antena ndefu, tochi mbele na kipande cha sola mgongoni. Nikamwambia nataka iite mara nne kwa siku.

"Hii ina kengele mbili tu," alisema. "Tena haijui usiku na mchana. Ukiiambia saa sita, itaita saa sita ya mchana na saa sita ya usiku. Wengine wananirudishia."

"Kwa hiyo ni mbovu?"

"Si mbovu. Ni jinga tu."

Nilikuwa nimefika mlangoni kabla sijatambua kwamba ujinga huo ndio niliokuwa nautafuta. Kengele mbili, kila moja ikiita mara mbili, ni nne.

Kuitega lilikuwa jambo jingine. Nilisoma mawasiliano ya umma chuo kikuu, na nimeandika kurasa nyingi kuhusu redio na maisha ya Mtanzania. Hakuna hata ukurasa mmoja uliogusia kitufe. Nilibonyeza kimoja, tochi ikanimulika machoni. Nikabonyeza cha pili, redio ikaanza kujitafutia stesheni, ikapita kwenye kwaya, ikapita kwenye mpira, ikatua kwa mtu anayeuza dawa ya mgongo. Nyumba yetu, kama nyingi za Ilemela, imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe, na jiwe hilo halipitishi mawimbi. Mwishowe nilielekeza antena dirishani, nikapanga kengele ya kwanza kwenye sita na ya pili kwenye kumi na mbili, nikajiona fundi.

Sasa iingie chumbani. Hapo nieleze kidogo. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, na mkwe haingii chumba anacholala mama. Kwetu Usukumani heshima hiyo ipo pia, ila sisi wa mjini tumeilegeza. Mama hakuwa amelegeza chochote. Kila asubuhi nilisimama koridoni na kulisalimia pazia lake: "Shikamoo, mama." Pazia likajibu, "Marahaba, baba. Umeamkaje?" Kwa hiyo redio niliiweka juu ya kigoda nje ya mlango, nikakohoa, nikaondoka. Nikiwa sebuleni nilisikia kigoda kikisogezwa.

Siku ya pili pazia likaniita.

"Baba, hii saa uliikosea. Jirani amenisomea, anasema inaonyesha kumi na mbili na jua liko utosini. Nimemwambia airekebishe isome saa sita, kama watu."

Mimi niliitega kwa saa za vitabuni, za Kizungu. Wao wameigeuza kuwa saa zetu za kawaida, na kengele hawakuzigusa. Nilikaa na karatasi na kalamu nikipiga hesabu ya jicho linalopotea. Nikageuza, nikageuza tena. Saa sita na saa kumi na mbili zilikuwa zimebadilishana viti tu. Redio ingeendelea kuita wakati uleule.

"Umekaa lisaa zima kugundua kwamba hakuna kilichoharibika?" mke wangu aliuliza.

"Ndiyo faida ya elimu," nikamwambia.

Redio ikafanya kazi yake. Ilipojiwasha, mke wangu aliacha alichokuwa nacho, akanawa mikono, akaingia na kichupa. Mama alikuwa anamjibu mtangazaji kila aliposalimia wasikilizaji. "Hatujambo, baba," alisema, na mara moja nilimsikia akimshauri apumzike, kwa vile sauti imemkauka.

Kisha kukawa na msiba kwao, wa mtu wa karibu ambaye mke wangu asingeweza kukosa kumzika. Alimwomba jirani yetu, mama wa makamo anayeimba kwaya, ahamie chumbani kwa mama mpaka atakaporudi. Jirani akahamia na godoro lake. Mambo yakaenda vizuri hadi siku ile aliyotoka asubuhi kwenda Mkuyuni kununua mchele, na mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Alinipigia simu akipiga kelele kushinda mabati: barabara imekuwa mto, hakuna gari linalopita, yeye na watu wengine wamepanda kwenye kibaraza cha duka.

Saa sita, redio ikaita.

"Baba, upo?"

"Nipo, mama."

"Redio imeita."

"Nimeisikia, mama."

"Jirani yuko wapi?"

"Amekwama Mkuyuni. Mafuriko."

Mtangazaji akaendelea na bei ya mahindi. Watoto wetu wako shule ya bweni; nyumba ya jirani wa pili ina mafundi wanaume watupu; ng'ambo ya korongo kuna wanawake wengi, ila korongo lenyewe lilikuwa linanguruma. Nilimpigia mke wangu msibani, nikaweka simu kwenye sauti kubwa ili mama naye asikie.

"Subiri niwaulize wakubwa," alisema. Tukasikia minong'ono, mtu akiguna, mtu akisema haiwezekani. Akarudi. "Baba watoto, shangazi anasema mkwe akiingia humo ni mbuzi. Wa kusafishia mwiko."

Kabla sijajibu, mama alipaza sauti kutoka ndani, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mwambie shangazi yako, huyo mbuzi ndiye atakayenishika mkono kunipeleka chooni nikipofuka?"

Kwenye simu watu wakacheka, msibani kabisa. Shangazi akasikika akisema kwamba yeye ametaja mila tu, hajamzuia mtu.

"Baba," mama akaniambia, taratibu sasa. "Nanyoosha mikono, chupa inacheza. Nimeshajaribu. Nimeogopa. Nisubiri kidogo, nijifunike, halafu uingie."

Nilinawa mikono mara tatu. Aliposema tayari, niliingia nikiwa nimekaza macho kwenye dari, kama mtu anayekagua uvujaji. Hiyo ndiyo heshima niliyoweza kuibuni kwa haraka. Dari halikunionyesha kigoda. Nilikipiga teke, kigoda kikaanguka na redio yake, antena ikapinda, na bei ya mahindi ikageuka kuwa mkoromo.

"Umeua mtu gani?" mama aliuliza.

"Redio, mama. Samahani sana."

Akaanza kucheka. Alikuwa amelala chali, kajifunika kanga mbili kuanzia miguuni hadi kichwani, ameacha uwazi mdogo tu penye jicho la kulia, na kanga zote mbili zilikuwa zinatikisika. Nilisubiri zitulie. Nilipiga magoti. Jicho lilikuwa jekundu pembeni, linatiririka machozi, linatazama juu bila kupepesa, na nilielewa kwamba halinioni mimi, linasubiri tu. Hofu ya mtu mzima ikiwa imekusanywa mahali padogo namna ile ni vigumu kuitazama.

"Ongeza sauti ya redio," alisema.

"Inakoroma tu, mama."

"Ikorome. Nisikusikie unavyohema."

Nikaongeza. Tukabaki sisi wawili na mkoromo ule, kila mtu akijificha ndani yake. Nikabana kichupa.

"Hiyo ni pua, baba."

"Samahani, mama."

"Mimi nimezaa watoto saba, sijawahi kuona mtu anatetemeka hivi. Shikilia mkono mmoja kwa mwingine."

Nikashikilia mkono mmoja kwa mwingine. Tone likaning'inia, likakataa, kisha likaanguka. Jicho likafumba.

"Imeingia," alisema. "Ya baridi." Kisha, "Ahsante, mwanangu. Toka sasa."

Nikatoka kinyumenyume. Jirani alifika jioni, amelowa hadi shingoni, kabla redio haijaita tena. Suala la mbuzi bado linajadiliwa kwenye vikao vya ukoo, mimi sikualikwa.

Mke wangu aliporudi tulimpeleka mama kwa muuguzi yuleyule. Alimulika, akapima, akamwambia asome herufi za ukutani. Mama akasema hajui kusoma, ila zile pembe tatu na ule mduara anaziona zote, na inzi aliyekaa juu ya mduara pia. Muuguzi alinitazama, mara hii usoni.

Tulipofika nyumbani mama hakuingia moja kwa moja chumbani kwake. Alisimama kwenye mlango wa sebule, mkono ukiwa kwenye fremu. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa amenipita akitazama chini, kwa mila kwanza, na baadaye kwa sababu ya ukungu. Sasa aliinua uso. Sikujua nitazame wapi, nikatazama meza.

"Huyu ndiye?" alimuuliza binti yake.

"Ndiye, mama."

Akanichunguza pole pole, kuanzia kichwani.

"Mbona amezeeka hivi?"

"Mama!"

"Nasema ninachokiona."