Kostiki Si Magadi

Natengeneza sabuni na dada yangu hapa Nzuguni. Kemia sijasoma darasani. Nimefundishwa na simu na sufuria zilizotoboka. Ninachojua kuhusu kostiki soda ni kwamba ina kiu. Ukiiacha wazi inavuta unyevu hewani, hata kwenye ukavu huu wa Dodoma, mpaka inalowa yenyewe. Ukiitia kwenye maji, yanachemka bila moto. Ikikutana na mafuta ya alizeti inayageuza sabuni. Na haichagui mafuta. Hata yale ya kwenye ngozi yako inayataka.

Ndiyo maana tulikuwa tunaifungia kwenye kopo lenye mfuniko mgumu. Kopo lilikaa jikoni. Nyumba ya vyumba viwili, utaliweka wapi?

Basi, mama mkwe wa dada akaja kutoka kijijini na mlenda wake mkavu. Alitaka kumpikia mwanawe mwenyewe. Mlenda huku unatiwa magadi kidogo ili ulainike. Akafungua kopo, akaona vipande vyeupe, akachota.

Mimi niko uani nakata miche ya sabuni. Nikasikia chwaaa! Kuingia, sufuria ya alumini inatoa povu jeusi na mvuke unaokaba koo. Mama anacheka.

"Magadi ya mjini yana hasira kama wewe."

Kisha akafanya wanavyofanya mama zetu wote: akadondoshea kiganjani, aonje.

Nikampiga mkono. Kwa nguvu.

"Umenipiga?"

"Nawa!"

"Mimi? Mama wa shemeji yako?"

"Nawa kwanza, mama, utanitukana baadaye!"

Dada akaja mbio na limau, eti liue ukali. Nikamfokea aache limau, alete maji. Tukammwagia ndoo baada ya ndoo.

"Mbona panateleza?" mama akauliza, sauti imeshuka.

Nikamwambia ngozi yake ndiyo inageuka sabuni. Hakucheka tena.

Akaenda kukaa kwenye mkeka, uso kaugeuzia ukutani. Dada akaninong'oneza, "Akisema kijijini kapigwa na mdogo wangu, ndoa sina." Nilichemka. Nimemwokoa ulimi, halafu niombe radhi? Lakini kwa dada yangu nameza chochote. Nikapiga magoti, nikaomba. Akazidi kuusogelea ukuta.

Nikalitoa lile kopo nje, nikaenda kulifungia kwenye stoo ya jirani. Huku natembea nikawa namfikiria. Maisha yake yote magadi anayajua kwa macho. Leo, kwenye nyumba ya mwanawe, macho yamemdanganya, na kabinti kamemkemea. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma, kuliko kiganja.

Jioni shemeji akarudi kutoka kazini. Jambo la kwanza akaona ule wekundu.

"Mama, mkono umefanyaje?"

Dada akasimama na bakuli mkononi, haliweki chini, haendi mbele.

Mama akakunja vidole. "Nimeungua na mboga. Imemwagika yote. Mkeo kakaanga mayai, kula."

Nikafungua mdomo, unajua nilivyo, jambo likiwa rohoni lazima nilitoe. Dada akanikanyaga. Nikafunga.

Mama akanisogezea ugali, bila kunitazama.

"Na wewe kula. Mkono mzito namna hiyo unataka chakula."