Kinyonga wa Okello

Ajwang alikuwa akiogopa vinyonga tangu utotoni kwao Siaya, na hakuwa na mpango wa kuwazoea. Lakini mumewe Okello, dereva wa lori, alimleta mmoja mwenye pembe tatu nyumbani kwao Kimbo. Alimtia kwenye tangi la kioo la kufugia samaki, akawa anampiga picha na kuwatumia marafiki. Kisha akapata safari ya Juba.

"Wewe mrushie panzi tu," alimwambia mkewe. "Hana shida huyo."

Haikupita wiki, sebule ikaanza kunuka. Ajwang, ambaye huuza chapati karibu na steji ya matatu, alihisi uvundo ule umemganda hadi kwenye nguo za kazi. Asubuhi moja alifunua tangi. Chini kulikuwa na panzi waliooza, kinyesi na maji ya kijani, na funza wakitambaa humo. Kinyonga alikuwa amejikunyata pembeni, jicho moja limevimba na kuziba kwa usaha wa manjano. Ajwang alikimbia nje akatapika.

Alitaka kumtupa vichakani. Alijifunga mfuko wa nailoni mkononi, akamwinua, na mwili ule ukamlegea kiganjani kama kitambaa kibichi. Alijua akimtupa atakufa. Akamtia kwenye katoni, akampeleka mjini Ruiru kwa daktari wa wanyama aitwaye Rachael.

"Hilo tangi ndilo linamuua," Rachael alisema. "Hewa haipiti. Tena kinyonga hanywi maji kwenye sahani. Anaramba matone kwenye majani."

Ajwang alimpigia Okello. "Mara ya mwisho ulisafisha lini?"

Okello akajitetea: "Lakini si alikuwa anabadilisha rangi poa tu?"

Ajwang akakata simu. Kinyaa alichokuwa nacho kwa mnyama kilimhamia mume.

Fundi Mutinda alimtengenezea kinyonga kizimba cha mbao na waya wenye matundu madogo. Ajwang akaweka matawi na mmea kwenye mkebe, akaning'iniza chupa iliyotobolewa ili idondoshee majani maji, kisha akakiweka barazani palipo na jua la asubuhi. Kila siku alivaa glavu, akapangusa usaha kwa pamba na maji vuguvugu, akatia dawa aliyopewa na Rachael. Siku gamba la usaha lilipomwangukia kwenye kifundo cha mkono, hakula hadi jioni.

Hatimaye jicho likafunguka. Kinyonga akaurusha ulimi wake wenye ute, akanasa panzi, akamtafuna taratibu huku miguu ya panzi ikitikisika nje ya mdomo. Ajwang akageuka ukutani.

Okello aliporudi alikisafisha kizimba mara moja tu, akakunja uso, akasema kazi hiyo inamtia kichefuchefu.

"Hata mimi," Ajwang alisema. "Kesho ni zamu yako tena."

Kesho yake Okello aliamka mapema akazitafuta glavu.