Madaftari ya Mwafu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa bayolojia Jinja. Tulikaa mtaa wa Mpumudde na watoto wetu wawili. Kila likizo alikwenda kwao Mbale, akapanda miteremko ya Mlima Elgon kutafuta matunda yaliyogeuka mawe. Zamani mlima ule ukitema moto, majivu yalifunika msitu, na matunda yakabaki humo mamilioni ya miaka. Mengine yalikuwa ya jamii ya mwafu, mti ambao matunda yake meusi tunayaloweka katika maji ya moto na kuyala kwa chumvi. Alipasua kokwa mpya, akazilinganisha na zile za mawe: ugumu ule ule, vyumba vile vile vitatu. Ndugu wengi wa mwafu wako Asia. Afrika wamebaki wachache. Alitaka kujua jamii hiyo ilipita njia gani, na ni ndege gani waliobeba mbegu. Aliandika madaftari kumi na moja.

Mwaka wa vita vya kuiangusha serikali ya kijeshi, askari walikuta ramani yake yenye alama nyekundu.

"Hizi nini?"

"Mahali nilipookota matunda, afande."

"Matunda gani yanaokotwa kwa ramani?"

Wakamchukua yeye na ramani.

Mapigano yakasogea. Hakuna aliyethubutu kutoka kutafuta kuni, na makaa yaliisha. Nilichoma viti, kisha mlango wa stoo, kisha rafu ya vitabu. Mtoto mdogo alikuwa anaharisha, na maji yalikuwa lazima yachemke. Nikachukua madaftari. Nilichana ukurasa mmoja mmoja ili moto udumu. Niliona michoro ya kokwa ikijikunja, nikageuza macho kwenye sufuria.

Serikali ilipoanguka, wafungwa walifunguliwa. Alirudi kwa miguu, anakohoa, vidole vya mkono wa kulia vimevunjwa, haviwezi kushika kalamu. Nilimwambia habari ya madaftari kabla hajaketi.

"Watoto walipata maji?" akauliza.

"Walipata."

Aliingia chumbani. Siku tatu hakutoka.

Mimi ni Mnubi, wa kabila lililokuwa na askari wengi katika serikali ile, na majirani walishaanza kuniita mke wa jeshi lililokimbia, ingawa mume wangu hakuwahi kushika bunduki. Tukahamia Mbale kwa ndugu zake. Kila Jumamosi aliniketisha mezani. "Andika, Mama Watoto." Alisema yaliyokuwa kichwani mwake, nami nikaandika. Alinifundisha hata kuchora. "Hapana, chumba cha tatu ni chembamba zaidi." Miaka minne tulifanya hivyo. Kile kikohozi kilimuua kabla daftari la tano halijajaa.

Baadaye mtafiti mmoja alifika Mbale, nikampelekea madaftari yale matano na sanduku la matunda ya mawe aliyoyaokota mume wangu. Alisoma alasiri nzima. Kisha akauliza kila tunda liliokotwa wapi, katika tabaka lipi la majivu.

"Hayo yalikuwa kwenye ramani na madaftari ya kwanza. Ramani ilichukuliwa na askari, madaftari niliyachoma."

Alifunga daftari. "Pole sana, mama. Bila hayo hatujui lipi ni la lini. Historia ya mti haiwezi kusimama juu ya matunda haya."

"Mwalimu alilijua hilo?"

"Yeyote mwenye kazi hii analijua."

Kumbe alijua tangu siku aliyorudi. Jumamosi zote zile alijua, akaniacha niandike, wala hakunitajia moto ule hata mara moja. Nilifika nyumbani nimemkasirikia, nikafua nguo zote, hata zilizokuwa safi. Nilipokuwa naanika shati lake moja nililolitunza ndipo nikalia.