Meseji Iliyosomwa Dukani

Siku moja ninayoikumbuka kila nisikiapo simu ya mtu ikiita, mwanangu, ni ile asubuhi niliyomkuta dada Tatu, muuza maandazi wa mtaani kwetu, amekaa mbele ya beseni ambalo halijapungua hata andazi moja. Ilikuwa saa nne. Kwa kawaida saa mbili tu beseni lile huwa tupu, na aliyechelewa anakunywa chai kavu.

Lakini nimeanzia katikati. Acha kufunga begi kidogo, shangazi yako akusimulie. Gari la Dar halitakukimbia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya teknolojia ya habari, hiyo hiyo unayoiendea wewe leo. Nilikuwa nimerudi huku kwetu Zinga kufanya mafunzo kwa vitendo katika zahanati moja ambayo jina lake nitalisitiri. Nilijiona msomi kwelikweli. Nilitembea na kompyuta ya kuazima begani, na ukinisalimia niliitikia nikiwa nimeshapita. Usicheke, nawe una dalili.

Kazi niliyojipa ilikuwa nzuri. Wagonjwa wa dawa za muda mrefu walikuwa wakisahau siku ya kuja kuzichukua, nikatengeneza programu ya kuwakumbusha kwa meseji. Nesi Paskalina, mama wa makamo aliyetunza kadi zote, alinipa boksi lake. Kila kadi ilikuwa na namba ya simu, na pembeni yake maneno mafupi kwa penseli: ya mume, ya jirani, ya Chande dukani. Fomu yangu mimi ilikuwa na kisanduku cha namba tu. Maneno ya penseli hayakuwa na pa kukaa, nikayaacha.

"Na haya mengine umeyaandika wapi?" Nesi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba mashine haiyahitaji.

Jumatatu meseji zikatoka. Ya dada Tatu, yenye jina lake na ugonjwa wake, kifua kikuu, ikaingia kwenye simu ya Chande. Enzi hizo mtaa mzima ulikuwa na simu tatu nne, na Chande alikuwa na desturi yake: ikiingia meseji ya mtu, aliisoma kwa sauti pale dukani ili anayekaa karibu na mwenyewe ampelekee. Hakuwa na nia mbaya. Aliisoma kama alivyosoma za misiba na za harusi, mpaka akafika kwenye jina la ugonjwa, na kila aliyekuwa dukani akalisikia.

Kesho yake ndipo nilipoliona lile beseni. Dada Tatu alikuwa na miezi mitatu kwenye dawa, na Nesi alishapima akaona haambukizi tena, lakini nani mtaani angeuliza? Maandazi yale ndiyo yaliyomlisha yeye na mama yake mzee. Hakunigombeza. Alinitazama, akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikwenda zahanati ili nipone." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikwenda kwa Nesi nikilia, nikamwambia nitaifuta programu yote na chuo naacha.

"Nani kakwambia ufute?" akasema. "Hilo benchi nje limejaa watu walioletwa na meseji zako. Umekosea ulipoiona penseli yangu ni uchafu. Hiyo penseli ni stara ya watu, binti. Futa machozi, twende tukanywe chai."

Nesi, na gauni lake jeupe la kazi, akaketi kwenye benchi la dada Tatu, pale ambapo kila mpita njia anaona. Akaagiza maandazi matatu, mimi akaniagizia manne. Hakutoa hotuba. Alikula polepole huku akisalimiana na watu. Kesho yake tukarudi tena. Siku ya tatu akaja Chande mwenyewe, uso chini, akamwomba dada Tatu radhi, akaketi ubavuni kwangu. Wiki ya pili beseni likawa linakwisha saa tatu. Kurudi saa mbili kulichukua mwezi mzima, nami nilinenepa.

Programu niliitengeneza upya. Nikaongeza kisanduku cha kuandika simu ni ya nani, na meseji ikabaki salamu tu: tunakusalimu, karibu Alhamisi. Kila mtu nilimuuliza kwanza kama anataka kutumiwa chochote. Wapo waliokataa, nikawaacha.

Utaniambia siku hizi kila mtu ana simu yake. Sawa. Lakini bado yuko mke ambaye simu yake anaishika mume, na mama anayesomewa meseji na mwanawe. Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamtengenezea mtu kitu, kaa naye. Jua anaishi na nani, na jua lipi hapendi lisemwe. Na ukikosea, maana utakosea, usikimbie wala usifute kila kitu. Mrudie uliyemkosea, ukakae kwenye benchi lake mchana kweupe, watu wakuone.

Haya, nenda. Mungu akufungue kichwa, akukutanishe na walimu wenye subira, akurudishe kwetu salama ukiwa bado unajua kusimama na kusalimia. Hicho kifurushi cha moto usikikalie. Dada Tatu ameamka alfajiri kukukaangia, na kasema ukifika umpigie. Namba nimekuandikia kwenye karatasi, na pembeni nimeandika kwa penseli: yake mwenyewe.