Macho ya dada yangu Wanja na dawa iliyoniponya mimi

Habari zenu wakuu. Haya niliyaona kwa macho haya mawili, na mkifika mwisho mtajua kwa nini nayataja.

Mimi ni mzee wa Embu. Diploma ya uuguzi wa macho niliipata ng'ambo kwa jasho langu, hakuna aliyenishika mkono. Wengi walipotelea huko. Mimi nilirudi nikajenga.

Sasa sikilizeni.

Wakati wa Emajensi, Waingereza walipopigana na Mau Mau, tulitolewa shambani tukapangwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro. Nyumba zilibanana, moshi haukuwa na pa kutokea.

Nilikuwa na miaka tisa. Macho yakawa mekundu, yanawasha, yanatoa machozi. Mama alikuwa ananyonyesha, akanitia maziwa yake machoni, kama kwetu walivyozoea.

Siku hizo hizo homugadi, askari weusi wa mkoloni waliotulinda, walinipeleka kuchunga mbuzi wao kutwa nzima, mbali na moshi. Nikapona. Sifa zote zikaenda kwa maziwa.

Wiki iliyofuata Wanja, dada yangu wa miaka minne, aliamka kope zimegandana kwa usaha wa manjano.

Mama alitaka kuomba pasi ya kutoka kijijini ampeleke dispensari. Lakini kupanga foleni ya pasi kulimaanisha kukosa zile saa chache tulizoruhusiwa kwenda kutafuta chakula. Akaniuliza mimi, mgonjwa aliyepona.

"Ni ule ule wangu, mama," nikamwambia. "Mtie maziwa."

Nilisema kwa maringo. Nilijiona daktari.

Siku ya tano pasi ilipopatikana, macho yalikuwa yameingia weupe. Hayakuona tena.

Darasani ng'ambo nilifundishwa hayo kwa asubuhi moja tu. Jicho la moshi au vumbi, ondoa moshi, osha kwa maji safi. La virusi, mara nyingi hupona lenyewe; nawa mikono, usishiriki taulo. La usaha mzito linataka antibayotiki, siku hiyo hiyo.

Niliporudi, Wanja alipapasa muhuri wa diploma yangu kwa kidole.

"Kumbe wangu ulikuwa ugonjwa gani?"

Nikamweleza kuwa ni ule wa usaha.

"Na dawa ilikuwako dispensari?"

"Ilikuwako."

Akaikunja ile karatasi polepole, akanirudishia. Hakuuliza tena mpaka tulipomzika.

Wakuu, dawa iliyomponya jirani si yako mpaka ujue kilichokuumiza. Wenye visa kama hiki leteni, nitasoma vyote.

Ila kama hapo kwako kuna mtoto ameamka macho yamegandana, usinijibu sasa. Mpeleke kwanza.